Shukrani Huliwa Siku Ile Ile

Hotuba kwa wazee wa kanisa, wahazini na viongozi wa jumuiya, Mwanza, katika maandalizi ya Jumapili ya mavuno

Wachungaji wetu, wazee wa kanisa, mama zetu wa umoja wa wanawake, wahazini, walimu wa kwaya, nanyi ndugu mliovuka maji kutoka Ukerewe na Kome: Bwana Yesu asifiwe. Kwa ndugu zetu Wakatoliki walioitikia mwaliko, Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa wenyeji wetu wa Usukumani, wabeja, yaani asanteni.

Somo nililopewa ni shukrani. Ni somo rahisi mpaka mtu aulizwe: wiki iliyopita ulimshukuru Mungu kwa kitu gani hasa, kilikufikia kwa mkono wa nani, na baada ya kushukuru ulifanya nini? Wengi tutajibu kwamba tunamshukuru Mungu kwa yote. Hakuna uzushi katika jibu hilo. Tatizo lake ni kwamba ukilitikisa halidondoshi kitu.

Fungueni Walawi sura ya 7, kuanzia mstari wa 11. Pale pana utaratibu wa sadaka ya amani inayotolewa kwa ajili ya shukrani, na umeandikwa kwa undani ambao wahubiri wengi huuruka. Mtoaji alileta mnyama. Pamoja na mnyama alileta mikate isiyotiwa chachu iliyochanganywa na mafuta, kaki zilizopakwa mafuta, maandazi ya unga mwembamba, na juu ya hayo mikate iliyotiwa chachu. Mafuta ya mnyama yaliteketezwa madhabahuni. Kidari na paja la kulia vilikwenda kwa makuhani, na sehemu ya mikate pia. Nyama iliyobaki aliila mtoaji pamoja na watu wake. Kisha unakuja mstari wa 15: nyama hiyo iliwe siku ile ile, isisazwe hata asubuhi. Mstari unaofuata unasema sadaka ya nadhiri au ya hiari inaweza kuliwa hata kesho yake. Ya shukrani hairuhusiwi.

Sheria haitoi sababu, lakini mama yeyote aliyewahi kupika kwenye msiba au arusi anaweza kuikisia. Mbuzi mzima na mikate ya aina nne, familia ya watu sita haiwezi kuvimaliza kabla ya kulala. Mwenye kushukuru hakuwa na njia ila kuita majirani. Zaburi ya 22 inaonyesha jambo hilo hilo: mtu anayemsifu Mungu katika kusanyiko na kuziondoa nadhiri zake, hapo hapo wapole wanakula na kushiba. Kwa hiyo shukrani ya Biblia ina vipimo viwili ambavyo hata mtoto anaweza kuvikagua. Je, imetolewa mapema? Na je, wamekula wangapi?

Naomba mshike vipimo hivyo, maana vitatusaidia mbele tutakapofika kwenye mnada wa sadaka za vitu.

Kabla ya huko, kuna mafundisho mawili yanayozunguka mjini kwetu ambayo lazima tuyaondoe njiani. La kwanza linasema usiposhukuru, baraka itanyang'anywa. La pili linasema ukishukuru kwa sadaka nono, unapanda mbegu ya baraka kubwa zaidi. Yote mawili yanageuza shukrani kuwa biashara. Moja kwa vitisho, lingine kwa riba. Someni Luka 17 taratibu. Wakoma kumi waliambiwa waende wakajionyeshe kwa makuhani, na wakiwa njiani wakatakasika. Mmoja tu, Msamaria, alirudi. Yesu aliuliza, "Wale kenda wa wapi?" Aliuliza, lakini hakuwarudishia ukoma. Andiko halisemi kwamba ngozi zao ziliharibika tena. Na wale tisa walikuwa wakitii agizo, walikuwa wakielekea kule kule walikotumwa. Walichokosa ni kumrudia mtoaji, na hasara yao ni kwamba hawakuyasikia maneno aliyoyasikia yule mmoja miguuni pa Yesu. Hasara hiyo ni kubwa vya kutosha. Haihitaji kuongezewa laana na mhubiri.

Kuhusu mbegu, Paulo aliwauliza Wakorintho, "Una nini usichokipokea?" Mtu ambaye hata nguvu za kuvuta wavu amepewa, atamlipa Mungu kwa kitu gani ambacho ni cha kwake? Sisi tumezoea kusema mkono mtupu haulambwi, na katika mambo ya watu methali hiyo ina ukweli wake. Tukiipeleka madhabahuni tunamfanya Mungu kuwa mzee wa baraza anayesubiri kitu kidogo.

Sasa tuingie kazini. Shukrani huanzia nyumbani, siku kadhaa kabla ya Jumapili. Chukueni daftari la kawaida la shule na kuligawa safu nne: kitu tulichopokea, siku tuliyokipokea, mkono uliokileta, na tulichofanya baada ya kukipokea. Familia ikae jioni moja kwa wiki, baada ya chakula, kila mmoja ataje kitu kimoja au viwili. Msiende zaidi ya hapo. Mkitaka orodha ndefu, watoto wataanza kunakili sala za wakubwa, na mtapata "uzima na afya" mara saba kwenye ukurasa mmoja. Mtoto akisema "afya", muulize kwa upole, afya ipi? Atakumbuka kwamba homa yake ilishuka Jumanne. Hiyo ndiyo inaandikwa.

Safu ngumu kuliko zote ni ya kwanza, kwa sababu vitu tulivyovizoea hatuvioni tena. Kumbukumbu la Torati sura ya 8 inaonya kuhusu wakati huo hasa: umekula umeshiba, umejenga nyumba nzuri unakaa humo, mifugo imeongezeka, hapo ndipo moyo husahau. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025. Kabla yake, gari la mgonjwa kutoka Sengerema lilisubiri kivuko ndipo livuke kuja hospitali ya Bugando. Ni nani kati yetu aliyelitaja daraja hilo kwenye sala mwezi huu? Familia ikishaandika wiki nne, rudini nyuma mwulizane ni kitu gani tumekitumia kila siku na hakijaandikwa hata mara moja. Mara nyingi ni maji ya bomba, mke, na mlinzi wa usiku. Mpangilio huo wa mwisho msiukasirikie, ndivyo madaftari yanavyotoka.

Safu ya tatu, mkono uliokileta, wapo wanaoiogopa. Wanaona kwamba kumshukuru mtu ni kumpunguzia Mungu. Paulo hakuona hivyo. Akiwa kifungoni alipokea vitu kutoka kwa Wafilipi kwa mkono wa Epafrodito, na sehemu kubwa ya Wafilipi sura ya 4 ni barua ya asante. Itazameni ilivyojengwa. Anamtaja aliyeleta. Anakumbusha kwamba hata alipokuwa Thesalonike walimtumia msaada, wala si mara moja. Anasema mahitaji yake sasa yametoshelezwa, yaani hatumii asante kuombea tena. Kisha anakiita kile kitu chao dhabihu yenye kumpendeza Mungu. Majina, historia, matokeo, halafu Mungu. Ukitaka kumwandikia ujumbe wa simu muuguzi aliyemhudumia mama yako, fuata mpangilio huo. Mistari minne inatosha. Usimalizie kwa "na Mungu akikujalia, usitusahau tena". Hapo umeshaharibu.

Na kuna mikono ambayo haitoshi kuambiwa asante. Nasema na wenye mitumbwi na kambi. Walawi 19:13 inakataza ujira wa aliyeajiriwa kulala kwako usiku kucha hata asubuhi. Angalieni: nyama ya shukrani isilale, na mshahara wa kibarua usilale. Tajiri anayepanda mbele ya kanisa na bahasha nene wakati wavuvi wake hawajapewa mgao wa giza lililopita, yaani zile siku za uvuvi zisizo na mbalamwezi, anashukuru kwa fedha za watu. Utaratibu sahihi unajulikana mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki: toa gharama za safari, yaani mafuta, chakula na matengenezo, gawa fungu la chombo na mafungu ya wavuvi kama mlivyopatana, wavuvi wapokee mkononi, ndipo wewe katika fungu lako utenge sadaka, na kila mvuvi atenge katika lake. Usiwakate wao sadaka juu kwa juu halafu ukaitoa kwa jina lako.

Hapo tumegusa swali la kiasi, ambalo wahazini mmeniomba nilijibu bila kuzunguka. Fungu la kumi katika Kumbukumbu la Torati 14:22 linahesabiwa kwenye maongeo, kile kilichozalishwa. Sadaka ya shukrani haina asilimia. Kanuni yake iko 2 Wakorintho 8:12: hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Kwa lugha ya sokoni Kirumba, hakuna shukrani ya mkopo. Mama anayechukua mkopo wa kausha damu siku ya Ijumaa ili Jumapili asionekane mtupu, ametoa asichonacho, na wiki inayofuata atarejesha kwa riba kwa kuuza mtaji wake wa dagaa. Kanisa likijua hilo na kunyamaza, limeshiriki. Ondoeni vitu vinavyomsukuma huko: kutangaza viwango, kupanga watu mstari wa elfu hamsini na mstari wa elfu kumi, kusoma majina kuanzia aliyetoa zaidi. Yesu alipoketi kuelekea sanduku la hazina katika Marko 12, matajiri walitoa mengi na mjane senti mbili. Alimsifu mjane kwa wanafunzi wake, hakumwita mbele.

Jambo lingine la kiasi ni asili ya mali. Mtu akileta fedha ya samaki wachanga waliovuliwa kwa zana haramu, kokoro au nyavu za timba, sadaka haiwezi kuwasafisha samaki hao. Mithali 21:27 inaiita sadaka ya wasio haki chukizo. Mpelekeni kwa Zakayo, Luka 19:8, ambaye aliahidi kurudisha mara nne. Mzee wa kanisa azungumze naye faragha. Kumrudishia bahasha mbele ya watu ni ubabe, si uchungaji.

Wakati nao ni sehemu ya kiasi. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa hazivuti vizuri na makambi mengi hupumzika. Fedha ya mwaloni inafuata mwezi wa angani, haifuati tarehe ya mishahara. Kanisa likiweka shukrani katikati ya mbalamwezi litawakuta wavuvi mifuko mitupu, kisha litawaita wagumu wa kutoa. Kalenda ya mwezi ikae kwenye meza ya kikao. Vivyo hivyo kwa wakulima: pamba na mpunga wa Magu, Kwimba, Misungwi na Sengerema huanza kuonekana mkononi kuanzia Mei kwenda mbele. Ukiita sikukuu ya mavuno mwezi Machi, mkulima atakuletea debe la mwisho la ghalani, lile ambalo watoto wake walikuwa wamalizie nalo masika.

Haya, sasa sadaka za vitu. Vinavyokaa vizuri na havitusumbui ni mpunga, mahindi, karanga, dagaa waliokauka sawasawa, michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa. Hivi vipokelewe kuanzia Ijumaa mchana na kuwekwa juu ya vichanja au mbao, visiguse sakafu ya saruji, kwa sababu magunia hunyonya unyevu kutoka chini na dagaa huota ukungu. Dagaa akae mbali na unga na mchele. Harufu yake inahamia humo na hakuna atakayenunua. Kuku waletwe Jumapili yenyewe, wafungwe kivulini na wawekewe maji. Kila mwaka wapo wanaokufa juani kabla ya neno la baraka. Samaki wabichi ndio shida kubwa. Sangara aliyeletwa saa moja asubuhi bila barafu, ibada ikaisha saa saba, hafai tena. Kwa joto letu kadirieni kilo moja ya barafu iliyovunjwa kwa kilo moja ya samaki, ndani ya sanduku lenye tundu la kutolea maji, barafu chini na juu. Kama barafu haipo, samaki wasipelekwe mnadani kabisa. Wapelekwe jikoni moja kwa moja, wapikwe, waliwe baada ya ibada.

Na hapo Walawi 7 inarudi. Pendekezo langu ni kwamba kabla mnada haujafunguliwa, wazee watenge sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni chakula cha siku hiyo, kinachopikwa na kuliwa pale pale na wote waliokuja, walioleta na wasioleta. Sehemu ya pili ni mafungu ya wajane, yatima na wagonjwa, yaliyofungwa Jumamosi jioni kwa orodha ya viongozi wa jumuiya, na yanayopelekwa majumbani Jumapili hiyo hiyo kabla ya jua kuzama. Kumbukumbu la Torati 26:11 inataka Mlawi na mgeni wafurahi pamoja na aliyeleta kikapu. Kinachobaki ndicho kinauzwa. Tumezoea kinyume: tunauza vyote, halafu kamati ya misaada inaomba bajeti mwezi wa tisa.

Mnada wenyewe ni mzuri. Unaleta kicheko, na yai moja kununuliwa kwa elfu ishirini, kurudishwa na kunadiwa tena ni furaha halali. Unaharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni pale mnadi anapokuwa mchekeshaji kupita kiasi, akainua fungu dogo la mchicha na kusema "hiki nacho mwenyewe yupo?" Aliyeleta yupo, na mwakani hatakuja. Kila kitu kinadiwe bila kutaja aliyekileta, na vitu vidogo viunganishwe kuwa vikapu. Ya pili ni ahadi. Mtu ananunua kwa kelele, anaondoka na jogoo, fedha haionekani. Muwe na meza ya malipo kando ya mnadi: kitu kinapewa namba, namba inaandikwa kwenye daftari pamoja na kipimo chake na bei, fedha taslimu au ya simu inapokelewa, stakabadhi inakatwa, ndipo kitu kinatoka. Wahesabu wawe wawili au watatu wasio wa nyumba moja, wahesabu siku hiyo hiyo wakiwa pamoja, waandike jumla kwa tarakimu na kwa maneno, wote watie sahihi, na fedha iende benki siku ya kwanza ya kazi.

Ushuhuda nao una kanuni zake, na Kumbukumbu la Torati 26 inatupa kielelezo tayari. Mkulima akiwa na kikapu chake alisema: baba yangu alikuwa Mwarami karibu na kupotea, akashuka Misri, Wamisri wakatutesa, tukamlilia Bwana, akatutoa, akatuleta hapa, na sasa nimeleta malimbuko. Ukiyasoma maneno hayo kwa sauti, dakika mbili hazifiki. Tulikuwaje, tulilia, Mungu alifanya nini, nimeleta nini. Anayetaka kushuhudia apewe mpangilio huo mapema na dakika tatu. Asitaje ugonjwa wa mtu mwingine bila ruhusa yake. Asishukuru kwa kuanguka kwa adui yake, hata kama adui anajulikana mtaa mzima.

Na asijipime na waliokufa. Hapa naomba tutulie kidogo. Ziwa hili lilichukua watu wengi katika ajali ya meli ya MV Bukoba Mei 1996, na zaidi ya 200 katika ajali ya kivuko cha MV Nyerere karibu na Ukara Septemba 2018. Katika makanisa ya visiwani wamo waliofiwa, wanakaa benchi moja na waliookoka. Aliyenusurika akisema "Mungu alinipenda akanitoa", mjane aliye nyuma yake anasikia jambo ambalo hakuna andiko linaloliunga mkono: kwamba mumewe hakupendwa. Mfundisheni aseme, "Nilitolewa majini, sijui kwa nini mimi, namshukuru Mungu, na nawakumbuka tuliokuwa nao." Paulo aliyeandika tushukuru kwa kila jambo ndiye aliyeandika tulie pamoja nao waliao. Mfiwa asilazimishwe kusimama kwenye wimbo wa shukrani, wala asiulizwe kwa nini mwaka huu hakuleta bahasha. Fungu lake lipelekwe kama la wengine, na anayelipeleka akae naye, asihubiri.

Limebaki suala la ahadi ambazo hazikulipwa mwaka jana, maana najua kuna orodha mikononi mwenu. Msizisome kanisani. Kila mhazini agawe majina kwa viongozi wa jumuiya. Wamwendee kila mtu nyumbani mara moja, wamwulize kama ahadi ile bado iko ndani ya uwezo wake. Akisema ndiyo, apange mwenyewe tarehe. Akisema haiwezekani, ifutwe kwa sahihi za wazee wawili, na asikumbushwe tena. Fomu za kufutia nimeziacha kwa katibu pamoja na mfano wa daftari la mnada. Tunywe chai kwanza, halafu wahazini mje mbele na maswali yenu ya hesabu.